Usukani Uliopimwa Saa Kumi

Aliyeniuliza swali la maana kuhusu ugonjwa wangu kabla ya mtu mwingine yeyote ni fundi wa magari, na nilimdanganya. Naandika haya kwa kuwa muuguzi wa kliniki yetu ya viungo aliniomba niwaandikie wanaoanza, wale wanaokaa kwenye benchi refu la dirishani wakiwa wameficha mikono ndani ya sweta. Alisema niandike yatakayowasaidia. Nilijaribu kuandika kuhusu vidonge na chakula, nikaona kila ukurasa nalizunguka jambo moja tu. Basi acha niende kwalo polepole, na wewe uliye kwenye benchi uwe na subira nami.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kabazi. Nafundisha Kiswahili. Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna mahindi. Tulikuwa uani tukipukuchua, mimi na mume wangu na mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Cucu kwa kuwa ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, vikang'aa kama vimepakwa mafuta, na punje hazikutoka. Cucu akaniangalia akasema ni baridi, nivae soksi mikononi nikilala.

Huku kwetu kila mtu ana baridi. Mzee akichechemea ni baridi, mama akishika kiuno ni baridi, na Julai ikifika hata ng'ombe wana baridi. Ni neno linalomwacha mtu aendelee na kazi yake. Kufikia Januari nilikuwa siwezi kushika chaki, wanafunzi wakawa wananiandikia ubaoni. Nikaenda Nakuru hospitalini, nikatolewa damu, na baada ya kurudi mara tatu daktari akanitajia jina la ugonjwa: baridi yabisi. Nilikaribia kucheka. Nimelifundisha jina hilo miaka mingi katika orodha ya maradhi. Nikarudi nyumbani na neno moja kati ya yale mawili. Nilimwambia mume wangu, Baba Shiru, kwamba daktari amesema ni baridi na amenipa dawa.

Kama umeanza karibuni, kuna jambo nataka ulijue mapema. Mwili wenye ugonjwa huu una watu wawili, wa asubuhi na wa alasiri. Wa asubuhi hawezi kuzungusha kitasa cha mlango. Anashika kikombe kwa viganja viwili kama anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa. Anamsubiri binti yake amfunge vifungo vya sweta. Halafu jua likipanda, kitu ndani ya viungo kinalegea kidogo kidogo, na ikifika saa tisa au saa kumi alasiri unamwona mtu mwingine, anayemenya viazi na kusahihisha madaftari. Wa alasiri huyo ndiye anayekuponza. Ukimwonyesha watu yeye peke yake, hakuna atakayejua kuwa wa asubuhi yupo.

Vidonge vyangu ni vya mara moja kwa wiki, vya manjano, na huchukua miezi kabla ya kufanya kazi. Nilivimeza kila Jumapili baada ya kanisa, Jumatatu nikafundisha nikiwa na kichefuchefu. Mvua za Aprili zilipoanza, mabega nayo yakashikwa. Hapo ndipo gari lilipoingia katika hadithi hii.

Tuna gari la zamani, refu la nyuma, lisilo na kitu cha kusaidia kuzungusha usukani. Unauzungusha kwa nguvu za mikono yako. Mume wangu haendeshi. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipeleka shuleni, sokoni, na siku za kliniki Nakuru. Usukani wake ulikaa juu na mbali, na mabega yangu yakawa hayawezi tena kuinua mikono hadi pale. Nikampigia shemeji yangu Ndung'u, mdogo wa mume wangu, mwenye gereji ndogo ya mabati kule Kaptembwo, mjini Nakuru. Nikamwomba anishushie usukani na kunisogezea. Alisema nije asubuhi, wakati hana kazi nyingi. Nikamwambia nitakuja saa kumi jioni. Nilijua ninachofanya.

Ndung'u ni mtu wa utani. Aliponiona nimejikunyata kwenye kiti alizunguka gari mara mbili akishika kidevu.

"Shemeji, ni stering imeenda mbali ama ni wewe umeanza kuwa mfupi?"

Nikamwambia afanye kazi aliyoitiwa. Alicheka, akaenda jikoni kwa jirani akarudi na kifuniko cha sufuria kubwa. Akanipa nikishike mbele yangu kama usukani, nifumbe macho, nikipeleke juu na chini, mbele na nyuma, mpaka nipate mahali ambapo mabega hayalalamiki. Nilipopapata akaleta tepu akapima kutoka kifuani hadi kwenye kifuniko, na kutoka kwenye kifuniko hadi mapajani, akaandika kwa chaki kwenye mlango.

Nataka nieleze alichofanya, kwa sababu kazi yake ilisemwa vibaya sana baadaye. Usukani unashikwa na mhimili wa chuma unaoshuka hadi miguuni, na mhimili huo umefungwa chini ya dashibodi kwa boliti. Ndung'u alifungua boliti hizo, akaweka vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe kati ya mhimili na mahali unapofungwa, ili ushuke. Akafunga kwa boliti mpya, ndefu na ngumu zaidi. Kisha akaweka kipande kingine cha duara kati ya mhimili na usukani wenyewe, ukanisogelea kwa upana wa vidole vinne. Fundi wa breki wa jirani, anayeitwa Baba Tony, alipita akamuuliza kwa nini asikate tu shafti, yaani huo mhimili, achomelee kipande, amalize mapema aende nyumbani. Ndung'u hakuinua hata kichwa. Alisema shafti ya stering haichomelewi, hiyo ni maisha ya mtu. Akazungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, huku sikio lake likiwa chini kwenye kiungo, akisikiliza kama kuna mahali unakwama.

Halafu akaniita nijaribu. Ulinikaa kifuani kama umezaliwa hapo. Nilizunguka uwanja, nikakunja kona zote, machozi yakinitoka kwa furaha. Aliinama dirishani akapangusa mikono.

"Na asubuhi?" akaniuliza. "Asubuhi mikono iko aje?"

"Ni baridi tu, shemeji. Nikinywa chai inatoka."

"Kama ni hivyo, hii itakutosha. Lakini kama asubuhi haishiki vizuri niambie. Nitakutafutia ile stering ya power, haitaki nguvu, ama nikuambie ukweli, usiendeshe asubuhi."

Nikamwambia aache wasiwasi. Niliogopa kwamba nikisema ukweli atamwambia kaka yake, kaka yake atachukua ufunguo, na ufunguo ukishachukuliwa mwalimu mkuu atajua, na baada ya hapo sitakuwa mwalimu tena bali mgonjwa. Ndivyo nilivyofikiri. Siandiki hivi ili unihurumie. Naandika kwa sababu nawe pengine unafikiri hivyo sasa hivi.

Ikaja Julai. Asubuhi ya kliniki Cucu akasema tufuatane, macho yake yalitakiwa kuangaliwa. Kulikuwa na ukungu. Nilikunywa chai nikishika kikombe kwa viganja, nikaingia garini, nikaweka mikono kwenye usukani mahali palipopimwa saa kumi ya siku ya jua. Kwenye barabara iliyonyooka nilisukuma kwa viganja bila kufunga vidole. Tulipoanza kupanda kona za Subukia, ya kwanza nikaipita, ya pili nikaipita kwa shida. Ya tatu inakunja sana kwa kushoto. Niliviambia vidole vishike, havikushika. Viganja vikateleza. Gari halikuwa na kasi, liliacha tu barabara kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, likaingia mtaroni kwa pua. Goti la Cucu likagonga dashibodi, na mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga.

Watu walitoka shambani wakaja mbio. Mwanamume mmoja akaingiza kichwa dirishani.

"Mathe, ni nini imefanyika?"

"Ilikataa," nikasema.

"Stering?"

Cucu alikuwa akilia. Sikujibu.

Niache nifundishe kidogo, ni kazi yangu. Mikono ilikataa: hivyo ndivyo Kiswahili kinavyotaka, na hivyo ndivyo nilivyomaanisha lilipotoka mdomoni. Usukani ungekuwa ulikataa. Gari lingekuwa lilikataa. Lakini huku kwetu gari ilikataa, stering ilikataa, mvua ilikataa, kila kitu ilikataa. Nimetumia kalamu nyekundu miaka ishirini kusahihisha kosa hilo. Hakuna mtu katika kaunti nzima aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba neno lile, likisemwa ndani ya gari lililoko mtaroni, halingesikika kuwa ni mikono. Ningeongeza neno moja tu mbele yake. Sikuliongeza. Na jioni ile mume wangu aliponikuta kwenye korido ya hospitali, akaniuliza kama ni ile kazi ya Ndung'u, nilikuwa nimekwisha tulia, nilikuwa na akili zangu zote, nikamwambia, "Ilikataa tu, Baba Shiru." La kwanza lilitoka kwa mshtuko. La pili nililichagua.

Ndung'u alikuja siku iliyofuata. Alikuwa amepitia kwanza mahali gari lilipokuwa, akafungua kila kitu, na grisi ilikuwa bado kwenye kucha zake. Alichuchumaa mbele ya benchi nililokaa, hakuweza kuniangalia usoni.

"Shemeji, nimeangalia boliti zote. Iko imara. Lakini kama ilikataa, basi kuna kitu sikuona. Nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Nimechomwa sindano ndani ya bega na ndani ya kifundo cha mkono. Hakuna iliyowahi kuniuma kama kukumbuka neno hilo moja, na jinsi alivyonishukuru.

Cucu alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma. Alilala wodini wiki nyingi. Ndung'u alipoleta chai, Cucu aligeukia ukutani, na alipotoa mkono kumsalimu hakuupokea. Mume wangu alimwambia asije nyumbani mpaka aitwe. Kaptembwo nako habari zilifika. Baba Tony, kwa mzaha wa mafundi, alianza kumwita Mvunja-Mama, na jina likashika hata kwa wateja. Ndung'u akaacha kugusa usukani wa mtu yeyote. Akawa anabadilisha magurudumu na kumwaga oili.

Mimi niliendelea na matibabu. Agosti daktari aliniongezea dawa ya pili. Kila mwezi damu, kila mwezi benchi. Nywele zilipungua, Shiru binti yangu akawa anazichana taratibu na kuzificha mfukoni zilizong'oka, akidhani sizioni. Kwenye benchi kulikuwa na wema mdogo mdogo ambao sitausahau. Hatusalimiani kwa mikono pale, tunagusana viwiko. Mama wa usafi hupita akiwafungulia watu vifuniko vya chupa za dawa bila kuombwa, kisha huvirudisha bila kuvikaza.

Palikuwa na mama kutoka Olenguruone aliyekaa karibu nami kila mwezi. Aliniambia kwamba kila asubuhi watoto wake humuuliza ana vidole vingapi, naye huwaonyesha. Vitatu. Saba. Siku nyingine hakuna. Wakishajua wanagawana kazi. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akanishangaa, akaniuliza aibu ya nini, kwani vidole ni vya kuiba? Nilicheka pamoja naye. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka jina langu likaitwa mara ya pili.

Novemba, asubuhi moja, nilifunga vifungo vyote saba vya sweta yangu kabla ya chai. Niliita nyumba nzima waone. Cucu, aliyekuwa ameanza kutembea kwa fimbo, alipiga makofi. Shangwe ile haikunikaa vizuri. Nilipona mbele yao ugonjwa ambao hawakujua ulikuwa mkubwa kiasi gani, na kila asubuhi vidole viliposhika kitu nilikumbuka asubuhi ambayo havikushika.

Siku chache kabla ya Krismasi Ndung'u alikuja bila kuitwa. Alikuwa na sanduku lake la spana. Alimwambia kaka yake kwamba amepata kazi Naivasha, ya kusukuma vitoroli kwenye shamba la maua, anaanza Januari, na ameleta spana zikae hapa. Aliziweka karibu na mlango. Cucu alikuwa kwenye kiti chake, akitazama dirishani. Nilimwona Ndung'u akilitazama lile sanduku kama mtu anayemwacha mtoto shule ya bweni. Nilijua akitoka na kuliacha, jambo hili litakuwa limeisha, na mimi nitakuwa nimepona.

"Mikono yangu ilikataa," nikasema. "Si stering. Mikono."

Mume wangu akauliza, "Mikono ya lini?"

"Ya siku ile. Ilikuwa haishiki asubuhi tangu mwaka uliotangulia. Stering ilikuwa sawa. Boliti zilikuwa sawa."

Ndung'u alikuwa bado amesimama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Na ukaniambia ni baridi. Halafu ukanisamehe."

Cucu alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Miezi mitano," akasema, akiniangalia mimi. "Miezi mitano nimemnyima mtoto wangu mkono." Kisha akalia, na si kwa sauti. Mume wangu akatoka nje akakaa zizini hadi wakati wa kukamua.

Nilianza kumwomba Ndung'u msamaha. Alinizuia kwa kiganja.

"Usiniambie mimi hapa kwa kiti, Mwalimu. Wale wa Kaptembwo ndio wananiita jina. Kuja uwaambie wao." Akachukua sanduku lake akaondoka.

Nilienda wiki ya kwanza ya Januari, asubuhi, kwa makusudi. Nilisimama katikati ya uwanja wa gereji huku mafundi wakinitazama, nikawaeleza kama ninavyolieleza darasa: usukani ulikuwa mzima, boliti zilikuwa imara, aliyevunja mguu wa mama yake si yeye, ni mimi niliyeficha mikono yangu na kuacha alaumiwe. Sauti ilitetemeka lakini nilifika mwisho. Baba Tony alifuta mikono kwa kitambaa.

"Kwa hivyo, Mwalimu, stering haikuwa na pleyi?"

Pleyi ni neno lao la usukani uliolegea. Nikamjibu, "Pleyi ilikuwa kwangu."

Mmoja akacheka. Baba Tony hakucheka. Miguu ya Ndung'u ilionekana chini ya gari, na haikusogea muda wote niliokuwa pale. Nikiwa naondoka alikuja mteja akilalamika kwamba gari lake linavuta upande mmoja, nikamsikia Baba Tony akimwambia aende kwa yule wa chini ya gari, hao wengine wote hawajui stering. Hiyo ndiyo pole aliyoiweza. Naivasha Ndung'u hakwenda.

Sasa wewe wa kwenye benchi. Dawa zitafanya kazi, au daktari atakubadilishia mpaka ipatikane inayofanya kazi. Usikate tamaa kwa sababu ya miezi. Kama kuna kitu nyumbani kinachoweza kushushwa, kusogezwa au kuongezewa mpini ili ukifikie, mwombe fundi akusaidie, si aibu, na kile alichonifanyia Ndung'u bado kinanipumzisha mabega kila ninapoendesha. Ila naendesha baada ya saa nne, na Shiru huniuliza kwanza idadi ya vidole. Mtu akija kukupima, kwa tepu au kwa swali, mwonyeshe yule wa asubuhi. Ikiwa umekwisha mdanganya, bado unaweza kusema. Utatetemeka. Sema ukitetemeka. Siwezi kukuahidi kwamba watakukumbatia.

Mume wangu alinyamaza hadi Februari, kisha akaanza tena kuzungumza nami, kwanza habari za ng'ombe. Na Jumapili moja ya Machi, tukiwa tumetoka kuandaa shamba la mahindi, Ndung'u aliingia langoni. Alinisalimu kwa kichwa, akapita moja kwa moja hadi jikoni kwa Cucu, mlango ukafungwa. Nilikuwa nje na beseni la viazi. Nilisikia sauti ya Cucu, ndefu, kisha ya Ndung'u, kisha kijiko kikigonga kikombe. Baba Shiru aliniambia niingie nao. Nikamwambia sijaitwa, na si leo. Nilimenya viazi vya watu wa nyumba hii. Sikujua kama Ndung'u angekaa kula. Nikamenya na vyake.